Namna ya Kuutafuta na Kuuhudhuria Mkutano wa Watu Wanaoacha Pombe

Mtu anayetaka kuacha pombe huambiwa mambo mengi. Huambiwa ajikaze, aombewe, ahame mtaa, aoe, abadilishe marafiki. Ni mara chache sana aambiwe jambo dogo linalowezekana wiki hii hii: kwamba huenda mjini mwake, au mji wa jirani, kuna chumba ambamo watu waliokunywa kama yeye hukutana kwa muda wa saa moja hivi ili wasaidiane wasinywe. Nimekaa katika vyumba vya namna hiyo, Nairobi na Mombasa, kwa miaka kadhaa sasa, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyotamani mtu aniambie mapema, kwa sababu kati ya siku niliyosikia habari za mikutano na siku niliyokaa kwenye kiti ulipita karibu mwaka mzima. Nia nilikuwa nayo. Nilichokosa ni maelezo ya kawaida kabisa: niulize wapi, niseme nini kwenye simu, niingie mlango upi, na nikishaingia nitatakiwa kufanya nini.

Mwili kwanza

Kabla ya kutafuta mkutano, jitazame asubuhi. Ikiwa mikono yako hutetemeka mpaka unywe tena kidogo, yaani utoe loki, kama tusemavyo Kenya, au uzimue, kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania, basi usiache pombe ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Ubongo uliozoeshwa kilevi kila siku huwa umejipanga kukipinga, na kilevi kikiondolewa kwa mara moja, ule upinzani hubaki bila cha kuuzuia. Kutetemeka, jasho na wasiwasi huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege linaweza kutokea ndani ya siku mbili za mwanzo. Na kati ya siku ya pili na ya nne wako wanaochanganyikiwa, wanaoona visivyokuwepo, joto la mwili likipanda na moyo ukienda mbio. Hali hiyo isipotibiwa huua, na imewaua watu waliokuwa na nia njema ya kuacha.

Kwa hiyo nenda hospitali ya kaunti au ya mkoa, umwambie daktari ukweli wote bila kuupunguza: unakunywa nini, ni bia au ni chang'aa, gongo au mnazi, kiasi gani kwa siku, na kinywaji cha mwisho ulikinywa saa ngapi. Mwambie pia kama umewahi kuanguka kifafa. Kuna dawa za kutuliza zinazotolewa kwa siku chache, na kuna vitamini B1 ambayo mwili wa mnywaji huwa umeishiwa. Kikundi hakina dawa wala daktari, na kikundi chochote kinachokuambia utupe dawa ulizoandikiwa ni cha kukiepuka. Mkutano unaweza kuanza kuuhudhuria hata katikati ya matibabu, daktari akiridhia.

Mikutano hii ni ya nani

Vikundi vinavyojulikana zaidi ni vya Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, ambavyo watu wetu huviita AA tu. Asili yake inafaa kuelezwa kwa sababu inamhusu moja kwa moja mtu anayetafuta. Mnamo Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York aliyekuwa na miezi michache tu bila kunywa, alikuwa hotelini katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, baada ya shughuli iliyompeleka huko kuharibika. Baa ilikuwa hatua chache kutoka aliposimama. Akaenda kwenye simu, akaanza kupiga namba za makanisa yaliyoorodheshwa pale, akiomba aunganishwe na mlevi yeyote wa kuzungumza naye. Simu hizo zilimfikisha kwa Robert Smith, daktari mpasuaji aliyekuwa akishindwa kuacha. Tarehe 10 Juni 1935, siku ambayo daktari huyo alikunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa AA. Kumbe hata mwanzilishi mwenyewe aliupata mkutano wake wa kwanza kwa kupiga simu kwa watu asiowajua.

Kanuni za vikundi hivi ni chache na zinaeleweka. Sharti pekee la kuwa mwanachama ni kutamani kuacha kunywa. Hakuna kiingilio, hakuna ada ya mwezi, hakuna fomu. Kikundi hujiendesha kwa michango ya hiari ya wanachama wake na hakipokei fedha kutoka nje, na ndiyo maana mtu akikuomba utume pesa ya usajili kwa simu kabla hajakuambia mkutano uko wapi, fahamu kwamba huyo si wa AA. Vituo vya kulaza waraibu, ambavyo wengi huviita rihabu, hutoza malipo na ni jambo lingine, ingawa mara nyingi mikutano hufanyikia humo.

Kuna pia Narcotics Anonymous, iliyoanza mwaka 1953, ambayo ni ya waraibu wa dawa za kulevya za aina yoyote, na ambayo huihesabu pombe kuwa mojawapo ya dawa hizo. Katika Tanzania, bara na Zanzibar, ambako nyumba za upataji nafuu, maarufu kama soba hausi, zimeenea zaidi, mnywaji anaweza kuona kwamba mkutano wa namna hii uko karibu naye kuliko wa AA, na asisite kuingia eti kwa sababu yeye hajawahi kugusa unga.

Je, mikutano inasaidia kweli? Mapitio ya kitafiti ya Cochrane, shirika la kimataifa linalokusanya na kupima matokeo ya tafiti za afya, yaliyotolewa mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yalionyesha kwamba katika kumfanya mtu aendelee kukaa bila kunywa kabisa, AA pamoja na tiba zinazomwelekeza mtu kwenye AA zilifanya vizuri sawa na tiba nyingine zilizolinganishwa nazo, na mara nyingi zaidi yake. Hiyo haimaanishi kila mtu atafaulu humo. Inamaanisha kwamba nauli yako haiendi bure.

Kuutafuta

Anza na simu, kwa sababu ndiyo njia isiyomtaka mtu aonyeshe uso. Nchini Kenya, mamlaka ya kupambana na matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya, NACADA, ina namba 1192, isiyotozwa malipo, ambayo hupokelewa na washauri nasaha. Waombe wakuelekeze kwenye kikundi au kituo kilicho karibu nawe. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba 119, nayo ni ya bure, na inaweza kukuelekeza kwenye nyumba za upataji nafuu ambako mikutano hufanyika.

Njia ya pili ni hospitali. Katika hospitali zenye idara ya afya ya akili, kama Mathari jijini Nairobi na Mirembe mjini Dodoma, na hata katika hospitali nyingi za wilaya na kaunti ndogo, kuna afisa ustawi wa jamii au mshauri nasaha ambaye kazi yake ya kila siku ni kujua mambo kama haya. Huhitaji kulazwa ili kumwuliza. Simama kwenye dirisha la mapokezi useme unatafuta ofisi ya ustawi wa jamii. Hakuna atakayejua shida yako ni ipi, maana wanaokwenda pale ni wenye shida mia moja.

Njia ya tatu ni ofisi ya kanisa kubwa la mjini. Vikundi havina majengo. Hukodi au huazima ukumbi mdogo wa parokia, darasa la shule ya Jumapili, chumba cha zahanati. Karani wa parokia ndiye anayejua nani ana ufunguo siku gani. Na njia ya nne, ambayo kwangu mimi ndiyo iliyofanya kazi, ni mtu. Katika kila mtaa yuko mmoja aliyekuwa hoi, ambaye kila mtu alijua mtaro aliolala, na ambaye siku hizi huvaa shati lililopigwa pasi na kuwahi kazini. Mfuate mkiwa wawili tu. Sema, "Mzee, samahani kwa kukusumbua. Niliona ulivyoacha. Ulisaidiwa wapi?" Nilipomwuliza hivyo mzee mmoja aliyekuwa na kibanda cha kurekebisha viatu, hakuniuliza lolote, aliweka sindano chini, akafunga kibanda saa tisa mchana, akanipeleka mwenyewe.

Orodha za intaneti zipo, na tovuti rasmi ya AA ya kimataifa inaelekeza kwenye mawasiliano ya kila nchi. Zitumie, lakini kwa tahadhari moja ambayo nailipia gharama mpaka leo ninapoikumbuka. Mara ya kwanza nilipojaribu kwenda mkutanoni, miezi mingi kabla ya kumpata mzee wa viatu, nilifuata anwani niliyoikuta kwenye orodha. Nilioga, nikavaa vizuri, nikapanda matatu mbili, nikafika robo saa mapema. Mlango ulikuwa na kufuli lenye kutu. Mlinzi akaniambia watu wale walihama tangu mwaka uliopita, wapi hakujua. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na baa, taa zake zimekwisha kuwashwa. Sihitaji kueleza jioni ile iliishia wapi. Hakuna aliyekusudia kunidhuru. Mtu alisahau tu kubadilisha mstari mmoja wa maandishi. Basi, usitoke nyumbani kwa kutegemea orodha pekee. Piga simu kwanza, na kama haipokelewi, pita mchana kuangalia mahali penyewe ukiwa na shughuli nyingine upande huo.

Kwenye simu huna haja ya kutaja jina. Maneno haya yanatosha: "Habari za leo. Nimeambiwa hapo kuna mkutano wa AA siku ya Jumanne. Ningependa kujua kama bado upo, unaanza saa ngapi, na mlango ni upi." Uliza mambo mengine mawili. La kwanza, je, ni mkutano wa wazi au wa ndani? Ule wa wazi humkaribisha yeyote, hata mke, mzazi au mwanafunzi anayejifunza, na ule wa ndani ni wa wale tu wenye tamaa ya kuacha kunywa. Ukitaka kusindikizwa na ndugu mpaka ndani, chagua wa wazi. La pili, lugha. Mikutano mingi ya mijini Kenya huendeshwa kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili, na mtu asiyekijua Kiingereza vizuri anaweza kukaa saa nzima akidhani hapo si pake. Uliza kama mtu anaweza kusema kwa Kiswahili. Katika vikundi nilivyopitia, jibu limekuwa ndiyo kila mara, na mara nyingi mmoja akianza kwa Kiswahili wengine wote humfuata kwa furaha.

Na saa! Tangazo likisema 7:00 PM, hiyo ni saa moja jioni. Likisema 5:30 PM, ni saa kumi na moja na nusu. Nimeona watu wazima, wenye akili zao, wakifika saa saba mchana wakakuta ukumbi mtupu, na mtu aliyejikusanya kwa shida hivyo hajikusanyi tena kwa urahisi.

Siku ya kwenda

Ukiwa na siku mbili za kuchagua, chagua ile uliyozoea kunywa. Kwa walio wengi ni Ijumaa, au siku ya mshahara, au Jumamosi baada ya mpira. Panga njia kabla. Kama kituo chako cha kawaida kiko mbele ya baa unayojulikana, shuka kituo kimoja kabla na utembee. Chukua nauli ya kwenda na kurudi, na sarafu chache za kapu la mchango kama unazo; pesa nyingine iache kwa mtu unayemwamini. Kula kitu kabla ya kutoka, kwa sababu njaa ya jioni na hamu ya pombe hufanana sana tumboni, na mgeni hawezi kuzitofautisha.

Fika dakika kumi kabla. Ukichelewa utaingia watu wote wakitazama mlango, na hapo ndipo wengi hugeuka. Mimi niligeukia langoni mara mbili nikiwa nimekwisha kulipa nauli. Mara ya tatu ni huyo mzee wa viatu aliyenishika mkono, na sina namna ya kueleza uzito wa lango lile kwa mtu ambaye hajawahi kulisimamia. Kama huna wa kukusindikiza, mwambie mtu wa simu kwamba wewe ni mgeni. Vikundi vingi vina mtu wa kusimama nje kuwapokea wageni, naye atakuja mpaka barabarani ukimwomba.

Ndani nilikuta viti vya plastiki kumi na viwili vimepangwa duara, meza yenye vitabu vichache na chupa mbili za chai. Kijana aliyekuwa akimimina chai aliniangalia mara moja tu, akanijazia kikombe nusu. Wengine wote alikuwa amewajazia. Nilidhani ni ubahili, mpaka nilipokishika na kuona chai inavyocheza ndani bila kumwagika. Alijua mikono yangu itakavyokuwa, kwa sababu na yake iliwahi kuwa hivyo.

Mkutano wenyewe huenda hivi. Anayeongoza siku hiyo, ambaye ni mwanachama kama wengine na huenda wiki ijayo akawa mwingine, husoma maelezo mafupi kuhusu AA. Watu huomba pamoja sala fupi ya utulivu. Husomwa Hatua Kumi na Mbili, ambazo ndizo njia ya kupona inayofuatwa, au kipande cha kitabu. Kisha watu hushea, kama wenyewe wasemavyo: mmoja mmoja hutaja jina lake la kwanza, husema kwamba yeye ni mlevi, wote humkaribisha kwa jina hilo, naye hueleza lililompata. Hakuna anayemkatiza. Hakuna anayemjibu kwa ushauri, wala kumsahihisha, wala kumhubiria. Mwanzoni ukimya huo unaweza kukukera, kwa maana sisi tumezoea kwamba mtu akitoa shida yake mbele ya wazee lazima wazee watoe neno. Baada ya wiki chache utaona kwamba ni ukimya huo unaomfanya mtu aseme ukweli.

Zamu ikikufikia, unaweza kusema, "Naitwa fulani. Leo nimekuja kusikiliza." Inatosha kabisa. Jina linaweza kuwa lolote. Usikubali aibu ikusukume kutoa hotuba, wala usijione umedanganya ukikataa kujiita mlevi siku ya kwanza. Kama umekunywa siku hiyo, bado unaweza kuingia. Utaombwa tu ukae usikilize, kisha uzungumze na mtu baadaye. Usirekodi, usipige picha, na simu izime. Kapu likipita na huna kitu, lipitishe kwa jirani yako. Mgeni hatarajiwi kuchanga.

Wasiwasi ninaoulizwa mara kwa mara

Wa kwanza ni siri. Katika mji mdogo karibu lazima utamkuta mtu unayemfahamu. Kumbuka kwamba naye yuko pale kwa sababu ile ile. Jina la AA lenyewe linabeba ahadi ya kutotajana, na yasemwayo chumbani hubaki chumbani. Hata hivyo nitakuwa mkweli: ahadi hiyo inashikwa na wanadamu, na imewahi kuvunjwa. Ndiyo maana mambo ambayo yangeweza kukupeleka mahakamani, au siri za watu wengine, usiyaseme mbele ya watu wote. Mtafutie mtu mmoja, au wakili, au kiongozi wako wa dini.

Wa pili ni dini, na hapa Pwani unaulizwa kwa uchungu zaidi. Mwislamu anayekunywa hubeba aibu mara mbili, na akisikia mkutano uko ukumbi wa kanisa huona mlango umefungwa. AA haina uhusiano na dhehebu lolote. Hatua zake humtaja Mungu kwa kadiri kila mtu anavyomwelewa, na nimekaa duara moja na Waislamu, Wakristo wa kila aina, na watu wasiosali popote. Ukumbi ni wa kukodi tu. Asiyetaka kushiriki sala hukaa kimya, na hakuna anayemtazama vibaya. Kama bado moyo unakataa, tafuta mkutano unaofanyikia hospitalini au kwenye kituo.

Wanawake wana wasiwasi wao, na una msingi. Duara la wanaume kumi na mwanamke mmoja si mahali pepesi. Uliza kwenye simu kama kuna mkutano wa wanawake, au kama kuna dada wa kukaa naye. Mpe namba yako mwanamke mwenzako, usimpe mwanamume, hata akiwa mwenye heshima namna gani katika miezi ya mwanzo. Mwanamume anayemwandama mwanachama mpya amekosea, na kiongozi wa kikundi aambiwe siku hiyo hiyo.

Baada ya saa moja kwisha

Usiondoke mara moja. Nusu ya faida iko kwenye dakika kumi na tano za kukusanya viti na kuosha vikombe. Hapo ndipo watu huulizana makwao, na hapo utapewa namba za simu. Zipige kabla ya kunywa, maana baada ya kunywa huwa hakuna la kusaidiana mpaka kesho. Piga hata siku ambayo huna shida, useme tu habari za jioni, ili kidole kiizoee namba hiyo. Siku ya shida hakitaweza kujifunza.

Baada ya wiki kadhaa tafuta mdhamini, ambaye watu wengi humwita sponsa: mtu wa jinsia yako, aliyekaa muda mrefu zaidi bila kunywa, atakayekuongoza katika hatua zile. Humwombi pesa wala humlipi. Ukiona mnashindwana, unamshukuru na kumwomba mwingine bila ugomvi.

Usihukumu kwa mkutano mmoja. Hudhuria angalau sita, na ikiwezekana katika vikundi viwili tofauti, kwa sababu vikundi hutofautiana kama misikiti na makanisa yanavyotofautiana: kingine kina wazee wanaosimulia mambo ya miaka thelathini iliyopita, kingine vijana wa mitaani wenye lugha yao. Kuna desturi ya kumshauri mgeni ahudhurie mikutano tisini ndani ya siku tisini. Kwa nauli zetu na umbali wetu wengi hawataweza, na sipendi mtu aone ameshindwa kabla hajaanza. Miwili kwa wiki, na simu katika siku za kati, ni mwanzo wenye nguvu.

Ukirudia pombe, rudi mkutanoni. Wengi wa waliomo wamewahi kurudia. Ukae kwenye kiti kile kile, useme siku zako zimeanza upya. Utaona vile watakavyokupokea.

Mke, mume au mzazi wa mnywaji naye ana mahali pake. Al-Anon, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1951 na Lois, mke wa Bill Wilson, pamoja na mwenzake, ni ya jamaa za walevi, na mtu anaweza kuhudhuria hata kama mnywaji wake hataki kusikia habari za kuacha. Ulizeni habari zake kwa AA walio karibu nanyi.

Pasipokuwa na mkutano

Kwa aliye mbali na mji kuna mikutano ya mtandaoni kila saa ya usiku na mchana. Zima kamera ili bando lisiishe na uso usionekane, vaa visikizio kama nyumba ni ya watu wengi, na hesabu saa vizuri: ikiwa ratiba ni ya New York, sisi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa saba au nane kutegemea msimu wao, kwa hiyo mkutano wao wa saa sita mchana ni wetu wa saa moja au saa mbili usiku. Hii imewafaa sana hata ndugu zetu wanaofanya kazi Ghuba, ambako mtu hawezi kulitaja jambo hili hadharani.

Lakini kama kijijini kwenu mko wawili tu mnaotaka kuacha, mnaweza kuanza. Kwa desturi ya AA, walevi wawili au watatu waliokutana kwa ajili ya kuacha kunywa wanaweza kujiita kikundi, mradi wasijifungamanishe kama kikundi na chama au shirika jingine. Wasilianeni na ofisi ya AA ya nchini ili mpate vitabu na mwandikishwe kwenye orodha. Chagueni siku moja na saa moja, wala msiibadilishe hata kwa msiba wa jirani, kwa sababu yuko mtu ambaye atajikusanya miezi sita kisha aje siku moja tu. Mwombeni chifu, mtendaji wa kijiji, au mhudumu wa zahanati awaazime chumba, na mwelezeni bayana kwamba hamtaki posho wala mgeni rasmi. Jumanne nyingine utakaa peke yako na chupa ya chai. Kaa mpaka saa iishe.

Ufunguo wa chumba uwe na watu wawili, asiwe nao mmoja pekee. Na mkihama, bandikeni karatasi kwenye mlango wa zamani yenye mahali papya, siku, saa na namba ya simu, mwachieni mlinzi nakala, kisha mrudi baada ya mwezi kuangalia kama mvua haijaing'oa.